Bismillahi ya Meneja

Mgeni rasmi alipopanda jukwaani nilimtambua kwa mwendo kabla sijamwona uso. Semina ilikuwa Ukunda, katika ukumbi wa juu wa jengo jipya, na mada yake ilikuwa uongozi wa maadili na namna ya kufanya maamuzi katika biashara. Tulikuwa tumekusanywa wenye maduka ya jumla, walimu wa vyuo vya hoteli, wasimamizi wa nyumba za wageni, na mimi, ambaye siku hizi nasimamia nyumba ndogo ya wageni kule Msambweni. Yule bwana alikuwa meneja wangu mkuu katika hoteli moja ya Diani. Sasa amepanda cheo, anaangalia hoteli kadhaa za kampuni ile ile, na anaalikwa kuwafundisha watu wazima jinsi ya kuwa wakweli.

Akasimulia kisa. Ramadhani moja, alisema, hoteli yake iliwaandalia majirani futari, na saa za mwisho ikagundulika kwamba kuku walioletwa na muuzaji hawakuchinjwa Kiislamu. Angeweza kunyamaza na hakuna ambaye angejua. Lakini aliona heri ajiaibishe mbele ya wenye kampuni kuliko kuwadanganya watu waliomwamini. "Niliamua," alisema, mkono ameuweka kifuani. Ukumbi ukampigia makofi. Mama aliyekaa karibu nami aliandika neno "ujasiri" kwenye karatasi yake akalipigia mstari.

Sikubishana naye. Ningesimama pale ningeonekana mwanamke mwenye kinyongo, naye angetabasamu aniombe tuzungumze pembeni, kama alivyozoea. Niliondoka kabla ya chai. Lakini kinyongo ninacho, wala sikifichi, na kisa kile kilikuwa changu kabla hakijawa chake. Nitakieleza kilivyokuwa.

Anayesoma haya akiwa mbali na Kwale huenda asione ukubwa wa jambo lenyewe. Kwetu mtu hakuulizi nyama imechinjwa na nani. Ukialikwa unanawa, unamtaja Mungu, unakula. Kuuliza ni kumwambia mwenye nyumba usoni kwamba humwamini, na nawajua watu walionuniana miaka kwa swali dogo kuliko hilo. Hata ndugu zetu Wakristo waliotoka bara wakajenga Ukunda wanalijua. Wakiwa na harusi humwita Mwislamu ashike kisu, hata kama mwenye harusi mwenyewe ni fundi wa kuchinja, ili kila jirani ale bila wasiwasi. Hakuna askari anayewalazimisha. Ni adabu ya kuishi pamoja tu, na imetulisha sote vizuri.

Hoteli yetu nayo iliishi kwa adabu hiyo. Kuku walitoka Ukunda kwa mzee mmoja wa sokoni ambaye wafanyakazi wote walimjua, na kuku wa kantini yetu ndio hao hao wa wageni. Mimi nilikuwa meneja wa wafanyakazi, na katika mikutano ya wakubwa nilikuwa Mwislamu peke yangu. Jambo hilo halikuwahi kunipa tabu mpaka alipokuja yeye.

Alikuja msimu wa wageni wachache, na kompyuta yake na maneno yake. Wiki za mwanzo tu alipaka rangi ukuta wa ujia wa wafanyakazi, karibu na vyumba vya kubadilishia nguo, akaandikisha kwa herufi za dhahabu: UADILIFU, UWAZI, UKARIMU. Alituita familia. Mimi mtu akiniita familia kazini huwa natazama mkoba wangu uko wapi. Alikuwa hodari wa kuuma na kupuliza: asubuhi anapunguza watu wa bustani, alasiri anawanunulia keki waliobaki. Na kila uamuzi mchungu nilitumwa mimi kuupeleka, kwa kuwa, alisema, mimi wananisikiza.

Kuku nao wakabadilika. Wakaanza kuja kwa lori la barafu kutoka bara, wamepangwa kwenye maboksi. Mkutanoni alisema amepata muuzaji wa bei nafuu. Nikamwuliza, kwa ile adabu yetu ya kusema kwa kuzunguka, kama muuzaji huyo anafahamu mahitaji ya watu wa huku. Akasema yote yameshughulikiwa na mpishi mkuu amethibitisha. Mpishi mkuu alikuwa mtu wa Jego, kijiji cha huku huku Kwale, Mwislamu, anayefunga na kusali, mtu niliyemwita kaka kwa miaka yote niliyofanya kazi pale. Baada ya jina lake kutajwa hapakuwa na la kuuliza tena. Tukala, kantini nzima.

Sasa ile futari. Hoteli ilikuwa na desturi ya kuwafuturisha majirani kila Ramadhani, wale wa kijiji kilicho nyuma ya ukuta wetu, wazee wa msikiti, akina mama, na walimu wa madrasa. Ilikuwa desturi nzuri. Watu wale ndio waliotuvumilia muziki, malori na maji taka yetu mwaka mzima, na siku ile moja waliingia kwa lango la mbele kama wageni wengine. Mwaka ule meneja aliifanya kubwa. Wakubwa wawili wa kampuni walikuwa wamekuja kutoka makao makuu, na alitaka waone jinsi anavyopendwa na jamii. Alileta mpiga picha, akatandikisha mikeka bustanini, akaniambia nivae baibui yangu nzuri nikae mbele na akina mama.

Alasiri ya siku hiyo mtunza ghala alinifuata ofisini. Ni mama Mkristo wa Kitui, si mtu wa maneno mengi, na alifunga mlango kabla ya kusema.

"Madam," aliniambia, "mimi hii si dini yangu. Lakini hao kuku mnapikia wazee leo, nimekaa nimeona siwezi kunyamaza."

Alinipeleka ghalani akanionyesha boksi. Nililigeuza pande zote. Lilikuwa na jina la kiwanda, mhuri wa afya, maelezo ya namna ya kuhifadhi, na hapakuwa na alama yoyote ya halali. Akasema amewahi kumwuliza dereva wa lori, na dereva alicheka, akamwambia kule kiwandani kuku wanakatwa na yeyote aliye zamu, na kama kuna anayemtaja Mungu basi ni kwa sababu amejikata kidole. Nilihesabu kichwani watu waliokuwa wakila kantini, nikaacha, maana mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao.

Nilikwenda jikoni. Pilau ilikuwa imeshaanza kunukia na vijana walikuwa wakipanga sinia. Nikamwita mpishi mkuu nyuma, kwenye uwanja wa mitungi ya gesi, na nikamwuliza lile swali ambalo kwetu haliulizwi.

"Kaka, kuku hawa wamechinjwa na nani?"

Alijifuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja. Kisha akaniuliza swali hilo nalitafutia nini, na hapo nikajua. Na hapo hapo nikakumbuka hotipoti yake. Kabla ya mfungo, kila mchana, sisi tukipanga foleni kantini, yeye alikuwa akikaa pembeni na hotipoti aliyotoka nayo nyumbani, samaki na ugali, anasema ana vidonda vya tumbo. Nilikuwa nikimwonea huruma. Niliwahi hata kumletea asali.

Alijieleza. Meneja alimwambia waziwazi: ama apokee kuku hao, ama jiko lipate mpishi kutoka Nairobi. Ana watoto shuleni, ana mama mgonjwa. Kama angeishia hapo labda moyo wangu ungelainika, kwa sababu najua kazi za Diani zinavyoshikwa kwa kucha. Lakini hakuishia hapo. Akaanza kunifundisha dini. Alisema yapo mafundisho kwamba mtu akiletewa nyama asiyojua ilivyochinjwa, na amtaje Mungu mwenyewe, ale.

"Wao hawajui, dada," alisema. "Asiyejua hana dhambi. Dhambi iko kwangu, nami nimekubali kuibeba. Wewe ukiwaambia ndipo utakapowatwika."

"Hiyo ni ruhusa ya asiyejua," nilimwambia. "Wewe umeigeuza kuwa sababu ya kuwaficha. Na kama dhambi ni yako na umekubali kuibeba, mbona chakula hukukubali kukila?"

Nilimwacha pale na mitungi yake. Nimejaribu kumsamehe mtu huyu, kwa kuwa alitishwa, lakini kila nikikumbuka alivyokaa miezi ile akitutazama tukila, huku tumbo lake amelitunza safi, jaribio langu linavunjika.

Meneja alikuwa ofisini anachagua tai. Nilimweleza nililoliona, kwa utulivu, na nikaja na njia ya kutokea. Muda ulikuwepo. Gari lingeweza kwenda Ukunda likarudi na samaki, au na mbuzi aliyechinjwa buchani, wageni wangefuturu kwa tende na uji, wangesali, na chakula kingechelewa kidogo tu. Wangeambiwa kumetokea hitilafu, na kesho yake tungekaa na wafanyakazi tukawaambia ukweli kwa heshima. Pamoja na maneno ya mpishi, nilidhani meneja alishikilia bei tu, mambo ya kuchinja hayajui. Hilo ndilo lililoniuma baadaye, kwamba niliingia ofisini mwake nikidhani namletea habari.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaketi. "Madam, tufikirie kama viongozi," alisema. "Leo nikibadilisha hiyo menyu, jikoni wataongea. Jikoni wakiongea, kantini itauliza imekuwa ikikula nini. Sasa unataka nichomeke mbele ya wakubwa?"

Alikuwa amelipima lote. Alijua maswali yatafuatana vipi kuliko nilivyojua mimi. Kisha uso wake ukachangamka, kama mtu aliyepata dawa.

"Na shefu ameniambia mko na njia yenu. Mnasema Bismillahi, mnakula, imeisha. Basi wewe ndio utasema. Kwa maiki, mbele ya watu wote. Wewe wanakuamini."

Nilimweleza kama ninavyomweleza mtoto. Neno lile linasemwa kisu kinapowekwa shingoni mwa kuku aliye hai, na mwenye kisu anajua anachokifanya na anakifanya kwa jina la nani. Tunalisema tena tunapokula, ndiyo, lakini la mezani halirudi nyuma kufanya kazi ya lile la kisuni. Pilau haichinjwi. Alicheka kidogo, si kwa ubaya, kwa uchovu wa mtu anayesumbuliwa na mambo madogo.

"Neno si ni ile ile, madam?"

Nilimtazama na nikamwelewa mtu yule mara moja na kwa jumla. Hivi ndivyo alivyokuwa akiongoza. Alitafuta neno ambalo watu wanaliamini, akalichukua, akalibandika palipomfaa. Alilifanyia hivyo neno familia. Alilifanyia uadilifu, akalipaka dhahabu. Sasa alitaka Bismillahi, na alitaka aitoe kinywani mwangu, kwa sababu kinywani mwake isingetosha. Mwaka mzima nilikuwa nikidhani ameniacha kwenye ile meza ya wakubwa kwa ajili ya akili yangu. Aliniacha pale kama mhuri.

Nilimwambia sitasema. Akasema mikataba itatazamwa upya baada ya Idi, na angependa kuona nani anajua maana ya timu. Akarudi kwenye tai zake. Akachagua ya kijani, kwa ajili ya Waislamu.

Nilikaa ofisini kwangu mpaka wageni walipoanza kuingia. Nina mume aliyekuwa hana kazi wakati ule, nina wadogo zangu waliokuwa wakinitegemea, na nilijua wazi nikifungua mdomo ninafunga mlango. Nilijua pia nikinyamaza watakula. Wazee wale wangekula kwa kuwa mimi nimekaa pale, na baibui yangu nzuri. Nisingehitaji hata kusema Bismillahi. Kukaa kwangu tu kungetosha. Niliomba mtu mwingine aamue, na hapakuwa na mtu mwingine.

Majirani waliingia wakiwa wamevaa vizuri, kanzu zimepigwa pasi, leso mpya, watu wamejipaka mafuta mazuri. Niliwaamkia shikamoo wazee mmoja mmoja, nao waliniitikia marahaba, wakaniuliza hali ya mama yangu na ya nyumbani. Imamu wa msikiti wao, mtu mzima mwenye sauti ya upole, aliniombea dua kwa kuikumbuka jamii. Meneja alisimama na wale wakubwa wawili akiwaonyesha nani ni nani. Mpiga picha alikuwa akizunguka na kuwaomba akina mama watabasamu.

Adhana ikatoka. Walifungua kinywa kwa tende na maji, uji, kaimati na mihogo, vitu visivyo na neno. Kisha wanaume wakapanga safu kwenye nyasi na sisi tukapanga nyuma yao, tukasali. Sikumbuki nilisoma nini katika sala ile. Nakumbuka harufu ya pilau ikitujia kutoka jikoni, tamu mno, na tumbo langu lenye njaa likiitaka, na mimi nikilichukia.

Tulipotoa salamu na watu wakarudi kwenye mikeka, wahudumu walitoka na sinia. Meneja alichukua maiki, akasema maneno ya ujirani mwema, kisha akaninyooshea akitabasamu. "Madam atatufungulia chakula," alisema.

Nilisimama. Nilimwamkia imamu tena, kwa kuwa ulimi ulikuwa mzito na salamu ndiyo iliyokuwa karibu. Kisha nikasema: "Wazee wangu na mama zangu, niwieni radhi. Mlichokula mpaka sasa hakina tatizo. Kuku aliye kwenye pilau hii hakuchinjwa na Mwislamu. Nimelijua leo alasiri. Sitaki mle kwa ajili yangu."

Hakuna aliyepiga kelele. Ningependa wangepiga. Wazee wakaanza kutafuta viatu vyao, polepole, kwa adabu, kana kwamba wao ndio waliotukosea. Mama mmoja alisukuma sinia pembeni, mbali na mjukuu wake aliyekwishanyoosha mkono. Imamu alibaki amekaa. Alinitazama, akawatazama wahudumu waliosimama na pilau mikononi, wengi wao wasichana na vijana wa kijiji chake mwenyewe.

"Na hawa watoto wetu, mwanangu," aliniuliza, "wao wamekuwa wakila nini humu?"

"Hao hao, mzee."

Msichana mmoja aliiweka sinia yake chini kwenye nyasi, akaingia ndani. Wa pili akamfuata. Punde bustani ilikuwa na sinia za pilau zilizotapakaa ovyo, na wale wakubwa wawili walikuwa wakinong'ona, na mpiga picha hakujua aelekeze wapi kamera yake.

Hapo ndipo meneja aliponinyang'anya maiki. Alifanya kwa ustadi, siwezi kumnyima hilo. Aliwaomba radhi kwa sauti iliyovunjika. Alisema muuzaji amewadanganya, amelijua jambo hilo muda mfupi uliopita, na yeye mwenyewe ndiye aliyemwomba madam awaambie ukweli, kwa kuwa hoteli hii inasimama juu ya uadilifu. Nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwake. Nilisikia uongo ule ukizaliwa, ungali na unyevu wa tumboni. Mmoja wa wale wakubwa aliitikia kwa kichwa, ameridhika.

Kesho yake wafanyakazi walikuja mlangoni kwangu. Nilidhani wamekuja kunishukuru, mjinga mimi. Walikuja kuniuliza nilikuwa wapi miezi yote ile. Mpishi mkuu alikuwa amenitangulia kuongea nao. Aliwaambia wakubwa wote walijua, pamoja na mimi, kwani mtu anaketije kwenye meza ile asijue kinachonunuliwa, na kwamba nimesema tu baada ya kukosana na meneja juu ya mkataba wangu. Habari ile ilikuwa na umbo zuri. Ilikuwa rahisi kuiamini kuliko kweli, kwa sababu kweli ilitaka waamini kwamba mtu wa Jego anayesali alikaa na hotipoti yake akawatazama. Nilimwita aje aseme mbele yangu. Akasema ana vyungu motoni.

Msichana mmoja, niliyemwajiri mwenyewe akiwa ametoka shule, aliniambia bila kunitazama kwamba alikuwa na mimba miezi ile, na mtoto wake amejengwa kwa nyama ile. Nilimweleza kwamba hakujua na Mungu hamlaumu asiyejua. Nilijisikia nikiyasema maneno ya mpishi, yale yale, na nikanyamaza.

Meneja alitenda vizuri sana baada ya hapo. Alirudisha kuku wa Ukunda. Alimwalika imamu jikoni aje akague, wakapigwa picha. Alitoa tamko kwamba kasoro ilitokana na idara ya wafanyakazi kutofikisha mahitaji ya jamii kwa uongozi. Baada ya Idi mikataba ilitazamwa upya kama alivyoahidi, na wangu haukuonekana. Mtunza ghala ndiye pekee aliyenisindikiza mpaka langoni. Alinibebea kasha langu la vitu, akaniambia, "Pole, madam," akarudi kazini. Sikumtaja kwa mtu, na hakuna aliyewahi kumwuliza.

Nilirudi Msambweni, kwetu, nikakaa, nikapata kazi niliyo nayo. Nilijiambia yamekwisha. Diani ni pale tu, lakini nilidhani maneno ya kantini hayasafiri mbali, na kwamba hapa watu wamenijua tangu natambaa.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu anaishi bibi mmoja ambaye si wa damu yangu, lakini ndiye aliyenifundisha kukuna nazi na kusuka makuti, na nimekula kwake siku nyingi kuliko kwa shangazi zangu. Ramadhani iliyofuata nilimpikia kuku wa nazi. Alikuwa jogoo wa uani kwangu, aliyekuwa akipita mlangoni kwake kila asubuhi. Nilimpelekea jua linapozama, nikamwamkia, nikamwekea sahani mkekani na maji ya kunawa. Alinawa. Alimega mkate. Kisha mkono wake ukabaki juu ya sahani, haushuki, na aliniangalia kwa aibu nyingi, mtu mzima yule, macho yake yakinikimbia.

"Mwanangu, usinielewe vibaya," alisema. "Kuku huyu amechinjwa na nani?"

Nilimwambia amechinjwa na kaka yangu. Akasema alhamdulillahi, akamtaja Mungu, akala, na akausifu mchuzi zaidi ya ulivyostahili. Nilikaa naye mpaka akamaliza. Tangu siku ile nikimpelekea jirani sahani ya nyama, huanza kwa kumtajia jina la aliyechinja, kabla sijaulizwa.